Jike Mmoja Birikani

"Huyo samaki wenu, mume kampata wapi?"

Bi Mwatum wa nyumba ya pili ndiye aliyeuliza, kata mkononi, ameinama juu ya birika la saruji la kuwekea maji, nyumbani kwa Bi Rawya, mtaa wa Madungu. Birika lilitiwa samaki mmoja tu, jike, na asubuhi ile mlikuwa na vitoto visivyopungua thelathini, vimetapakaa kama mbegu za mchicha. Bi Rawya alitazama, akageukia mlango wa sebuleni. Birika liko uani, na ua hauna mlango wa nje. Anayelitaka lazima apite sebuleni, na sebuleni hapiti mwanamume pasi mtu kumfungulia. Nyumba ile ina wanawake wawili: yeye, na Ghania, binti wa marehemu kaka yake, mjane wa miaka mitatu.

Samaki mwenyewe alianzia sokoni. Jumamosi moja soko la Chake limefurika, Ghania alikwenda kununua vifungo na uzi wa cherehani. Alivaa baibui jeusi lenye tarizi ya zambarau mikononi, kazi yake mwenyewe. Penye wauza ndizi mtu akamkumba, maji yakamrukia.

"Dada, simama hapo hapo. Usitikisike."

"Nimefanya nini?"

"Umenichukulia samaki wangu. Yumo kwenye ushungi."

Kweli, katika mkunjo wa ushungi kitu kilipapatika, chembamba kama kidole cha mwisho. Aliyesema alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, ndoo mkononi, na shati la rangi ya chungwa lenye maua ya buluu, la kuonekana tangu mtaa wa Machomanne. Jina lake Ridha. Kazi yake kufuga gapi, vijisamaki vinavyokula viluwiluwi vya mbu, na kuwapelekea watu wenye matangi na mabirika. Akasogeza ndoo bila ya kumgusa. Ghania akamtumbukiza samaki mwenyewe, akachungulia.

"Mbona hawa wana rangi, na huyu wangu vumbi tupu?"

"Wenye rangi madume. Jike hajipambi, yeye ndiye anayechagua. Dume atacheza mbele yake, atatandaza mkia, na jike akigeuka, basi, kazi imekwisha."

"Ndiyo sababu ya shati hilo?"

"Limekupendeza?"

"Limenitisha."

Wakacheka, na mbu wa birika la nyumbani wakawa sababu ya kupeana namba za simu.

Bi Rawya alikubali samaki kwa sharti. "Ulete mmoja. Wakizaliana nitachota maji au nitachota dagaa?" Ridha akatia jike mmoja mbele ya macho yake. Alikuwa na neno la kusema juu ya jike yule, akalimeza.

Tangu hapo simu ikawa inalia kila baada ya alasiri.

"Mbu wamepungua?"

"Wamepungua. Na weye umepiga kuuliza mbu?"

"Nimepiga kuuliza kama umekula."

"Nimekula muhogo wa nazi. Umeridhika?"

"Sijaridhika. Sikualikwa."

Ghania alikuwa akicheka mguu ungali juu ya cherehani. Siku moja alimweleza habari za Hafiz, mumewe aliyekufa, na kofia yake ambayo mpaka leo huifua kila Alhamisi na kuitundika msumarini. Ridha alisikiliza mpaka mwisho.

Ndipo likaja swali la Bi Mwatum.

"Nani kamfungulia yule mwanamume?" Bi Rawya aliuliza.

"Wallahi, shangazi, tangu siku ile hajaingia."

"Basi dume kapita bombani. Ami yako Zahran kule Wete ndiye walii wako wa ndoa, na huyo Ridha akija kukuposa, hataozesha mpaka asikie kwangu. Nimwambie nini?"

Ghania alipiga simu hapo hapo.

"Ridha, uliingia kwetu tena?"

"Sijaingia."

"Basi ulitudanganya siku ile, ukatia na dume."

Ridha akashusha sauti: "Ghania, kuna mambo hayasemeki mbele ya mtu mzima."

"Hayasemeki? Basi usinipigie tena."

Akamvua yule jike, akamtia katika chupa ya achari iliyooshwa, na majani mawili ya majini, akamweka chumbani kwake karibu na cherehani, amrudishe kwa mwenyewe. Hakumrudisha. Wiki nne zikapita. Simu haikulia, na yeye akijifanya hasikilizi.

Adhuhuri moja, ameinuka kwenye msala baada ya kusali, akaona jike anatetemeka. Kikatoka kitoto, kimejikunja, kikajinyoosha, kikakimbilia majanini. Kisha cha pili. Subhanallah, samaki asiyetaga, anayezaa. Alihesabu mpaka kumi na tisa, akachukua simu.

"Kazaa tena. Peke yake, chupani, chumbani kwangu."

"Na mwezi ujao atazaa tena," alisema Ridha.

"Vipi?"

Ridha akakohoa. "Jike wa gapi akikutana na dume mara moja, huweka akiba tumboni. Hukaa miezi. Dume hata akifa, yeye bado anamzalia. Siku ile nilijua kaja na mimba. Niliona haya kumwambia bibi wa watu."

"Haya zako zimenifanya nitazamwe mwezi mzima kama mwizi."

"Najua. Nisamehe, roho yangu."

Ghania alikitazama kitoto kimoja, jicho kubwa kuliko mwili.

"Na akipata dume mwengine?"

"Akimpenda humkubali. Lakini wa kwanza bado yumo."

"Na huyo wa pili havunjiki moyo?"

"Sijamuuliza samaki. Mie, Ghania, sikuja kumfuta mtu. Kofia ikae pale pale ilipo."

Ghania alikuwa analia, na Ridha alisubiri kwenye simu bila ya kukata.

Ijumaa, baada ya sala, Ridha alipiga hodi. Shati la kijivu, limepigwa pasi.

"Rangi zimekwenda wapi?" Ghania alinong'ona mlangoni.

"Penye kambare, dume mwenye rangi ndiye huliwa wa kwanza."

Ghania akaziba mdomo kwa ushungi.

Bi Rawya alikuwa mkekani na tasbihi yake. Ridha alikaa mbali, macho chini, jasho likimtoka, akasema yote: mimba, akiba, dume aliyebaki kwenye ndoo, na posa yake kwa Ghania. Ghania akaiweka chupa katikati. Bi Rawya akaisogeza kwenye mwanga, akaitazama muda mrefu, jike mmoja na vitoto vyake, wala hapana rangi yoyote ya dume mle.

Akamgeukia Ghania.

"Mwanamwali, kunyamaza kwake ndiyo ridhaa yake. Mjane hapana. Mjane hutamka kwa kinywa chake. Unamtaka?"

Nje muuza mkate wa mofa alipita akinadi, sauti yake ikapotea. Ridha hakuinua kichwa.

"Namtaka, shangazi."

Bi Rawya akaiweka tasbihi, akavaa baibui, akatafuta viatu vyake kwa mguu. Akapita baina yao na kushika njia ya kituo cha gari za Wete, kwenda kwa Zahran.