Pumzi ya Tabaka Jekundu

Ukingo ulimegeka ghafla, na gari likaenda nao: redio, simu ya setilaiti, madumu ya maji, vyote. Mwanajiolojia alikuwa nje, nyundo mkononi. Shemeji yake, mume wa mdogo wake na dereva wa safari ile, aliruka dakika ya mwisho akaangukia jiwe lenye makali. Paja likachanika vibaya.

"Nilikwambia turudi jana," alisema, akiuma meno.

"Nyamaza nikufunge."

Maneno yale yalimchoma mwanajiolojia, maana yalikuwa kweli tupu. Yeye ndiye aliyeng'ang'ania sampuli moja zaidi ya majivu yaliyobanwa kati ya matabaka mawili ya lava. Ndani ya majivu mlikuwa na chembe za madini ya zirikoni ambazo maabara ingezipima umri: miaka milioni sitini na kitu, kwa kukosea miaka elfu thelathini tu. Sasa walikuwa na chupa moja ya maji, na barabara ilikuwa mbali upande wa magharibi. Ilibidi amfikishe mtu huyu hai kwa mdogo wake.

Hawajaenda hatua mia, ukungu ukashuka na kulificha jua.

Walifuata dira, Shemeji akijikongoja kwa ufito wa kupimia matabaka. Hapakuwa na ndege wala upepo. Nguzo za basalti, lava iliyopoa ikaganda, zilijitokeza moja moja, zimesimama kama watu waliopanga foleni wakakatazwa kuongea. Baada ya saa nyingi wakafika kwenye mwamba wenye matundu madogo ya duara, yaliyotobolewa kwa mashine.

"Kuna watu hapa!" Shemeji akachangamka.

Mwanajiolojia aliingiza kidole katika tundu moja. Matundu yale aliyatoboa yeye mwenyewe juzi. Aliisogeza dira karibu na jiwe. Sindano ikageuka taratibu, ikaelekea walikotoka, ikatulia. Radi zilikuwa zimeupiga uwanda ule miaka nenda miaka rudi, zikaupa sumaku yake yenyewe, inayopotosha dira. Alilijua hilo fika, na kazini siku zote alipima kwa jua. Woga ulikuwa umemsahaulisha kazi yake.

"Maji?" Shemeji aliuliza.

"Mafunda mawili. Kunywa."

"Kunywa wewe. Ukifa, mdogo wako ataniua."

"Na wewe ukifa ataniua mimi. Kunywa, shemeji, usinitie wazimu."

Kulipopambazuka akaitia dira mfukoni, akapiga magoti chini ya tabaka la lava, akapapasa. Lava ilipotiririka, viputo vya hewa vilivyokuwa chini yake viliinama kufuata mwendo, vikaganda vivyo hivyo. Lava ya uwanda huu ilikwenda magharibi. Wakaifuata kwa vidole, kutoka jiwe hadi jiwe.

Chini ya tabaka la tatu walikuta udongo mwekundu. Zamani ulikuwa ardhi yenye miti, kabla lava nyingine haijaufunika na kuuchoma. Mti mmoja ulikuwa umeungua ukaacha tundu lenye umbo la shina lake, na tundu hilo lilikuwa likipumua. Baridi ilitoka, ikasita, ikarudi ndani.

"Kuna kitu humo," Shemeji alinong'ona.

"Ni hewa tu," alisema, huku nywele zimemsimama. Akaingiza mkono mpaka begani. Vidole vikagusa maji.

Walikunywa, wakajilaza pale pale, ile pumzi ikiwapitia usoni. Walipoamka ukungu ulikuwa ule ule na mwanga ule ule. Shemeji alikuwa anawaka homa, hawezi kusimama. Mwanajiolojia aliuacha mfuko wa sampuli ya majivu aliokuwa nao mdomoni mwa tundu, akambeba mgongoni. Jioni lori la kokoto likawaokota barabarani.

"Kidonda hiki kina siku tano," daktari alisema hospitalini.

"Tatu," wagonjwa wakajibu kwa pamoja.

Daktari akatikisa kichwa. Mdogo wa mwanajiolojia alikuwa ameketi kati ya vitanda viwili, macho yamevimba.

"Ni tano, dada. Nimezihesabu."

Mwanajiolojia alihisi ile baridi tena usoni. Akamshika mkono. "Niambie moja moja, ulifanya nini. Usiruke hata moja."

"Ya kwanza nilifua mashati ya mume wangu," mdogo wake alisema. "Ya pili nikayafua tena. Ya tatu nikayapiga pasi. Ya nne nikayakunja, nikayagawa kama ya marehemu. Ya tano ni leo."