Vyeti Viwili vya Mkunga

Haya, nijibuni: mgeni wangu habishi hodi, akiingia hulia, na wenyeji wote hucheka. Ni nani? Mmeshindwa? Basi nipeni mji! Ni mtoto mchanga. Na anayempokea huitwa mkunga.

Kila Jumamosi, msichana aliyepewa jina la utani Kwanini, kwa kupenda kuuliza, alifuta vumbi chumbani kwa bibi yake. Siku hiyo alifungua sanduku, na chini ya mashuka akakuta vyeti viwili vya ukunga. Mafunzo yaleyale, wiki sita, miaka tofauti.

"Bibi, kwa nini ulisoma mara mbili? Ulifeli?"

"Nenda kafagie ua!"

Kwanini hakubanduka. "Basi mlisomaje, nawe hukujua kusoma?"

Bibi akacheka. "Tulisoma kwa macho. Muuguzi alileta picha, na mwanasesere wa kitambaa tuliyemtoa kwenye boksi kana kwamba anazaliwa. Wanawake wazima kumi na wawili, tunagombania mwanasesere!"

Alasiri akaja shangazi, tumbo mbele, pumzi juu. Ilikuwa mimba yake ya kwanza.

"Mama, zahanati siendi. Utanizalisha wewe, hapa hapa."

Kwanini akaingiwa na hofu. Je, kama bibi alifeli kweli? Akavileta vile vyeti mbio.

"Shangazi, muulize kwanza kwa nini viko viwili."

"We mtoto! Adabu umeiacha wapi?" shangazi akamaka.

"Mwache," bibi akasema, akavuta kigoda, akaketi. "Sikufeli. Nilifaulu mara ya kwanza, nikavimba kichwa. Nikaenda kumzalisha jirani. Mikono niliiosha kwa sabuni mpaka viwikoni, kama nilivyofunzwa. Kisha nikaifuta kwenye gauni nililopikia tangu alfajiri. Siku ya tatu kitovu cha mtoto kikatunga usaha. Alipona kwa sindano za zahanati, si kwa ujuzi wangu. Hakuna aliyejua kosa ni langu. Nililisema mwenyewe, nikaomba kuanza upya. Wenzangu walinicheka mpaka wakachoka."

Shangazi akashika tumbo. "Sasa mimi je, Mama?"

"Wewe kesho nakusindikiza zahanati, na mkono wako nitaushika mpaka mwisho. Kule kuna dawa na wataalamu; hapa kuna mapenzi tu. Kosa likifichwa huzaa jingine, wanangu. Likisemwa, hugeuka mwalimu. Ndiyo maana, Kwanini, vyeti ni viwili."