Picha ya Mashuka Meupe

Kila Jumamosi, akishafua sare zake za shule na kuzianika, binti mmoja wa miaka kumi na miwili alikwenda kumsaidia shangazi yake dukani. Nyumbani walimwita Kwanini, maana dakika kumi hazikupita bila yeye kuuliza swali. Duka lenyewe halikuwa mali ya shangazi. Yeye alikuwa msimamizi tu. Watu walileta vitu wasivyovihitaji tena: vikombe, viti, vitabu, mapazia. Vikishauzwa, fedha zilinunua vitanda na matandiko ya makao ya watu wasio na nyumba, yaliyokuwa mtaa wa pili.

Kazi ya Kwanini ilikuwa kufuta vumbi na kuandika kadi za maelezo, kwa sababu mwandiko wa shangazi ulikuwa mbaya kiasi kwamba hata mwenyewe ulimshinda kuusoma.

Asubuhi hiyo, chini ya sahani zilizojaa sandukuni, alikuta picha iliyochorwa kwa rangi za mafuta. Ilionyesha mashuka meupe yaliyoanikwa juu ya paa la ghorofa. Moja lilikuwa limetuna kwa upepo mpaka likafanana na mtu anayetaka kuruka, na pembeni lilikuwa na kiraka cha buluu. Kwanini aliitazama mpaka shingo ikamuuma. Nani aliichora? Mbona mashuka, si maua? Na kile kiraka je? Shangazi, aliyekuwa akihudumia wateja watatu kwa mpigo, alimjibu kwamba sanduku liliachwa mlangoni na hajui limeletwa na nani.

Jibu hilo halikumtosha. Alipolikosa la kweli, akajitungia lake. Alichukua kadi akaandika: "Picha hii imechorwa na mzee aliyelala barabarani miaka kumi. Ndiyo mali yake ya pekee, na ameitoa awasaidie wenzake." Aliposoma alichoandika, machozi yalimlengalenga mwenyewe. Akajiambia kwamba hakuna ubaya, picha itanunuliwa upesi na watu watapata vitanda.

Haikupita saa moja, akaingia daktari wa meno ambaye zahanati yake ilitazamana na duka. Alisoma kadi, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Alimwambia Kwanini kwamba angependa kuitundika picha hiyo kwenye chumba cha wagonjwa wanaosubiri, na kwamba angerudi kuichukua Jumamosi ijayo. Lakini kwanza alitaka kuonana na mchoraji.

"Mwambie mzee huyo nitamtibu meno bure," alisema. "Usisahau, mwanangu."

Kwanini aliitikia kwa kichwa. 

Mchana kutwa alifuta rafu ileile. Shangazi alipoanza kufunga madirisha, Kwanini alipiga moyo konde akamweleza yote, macho yakiwa sakafuni. Alidhani atagombezwa. Shangazi alivuta kiti akaketi.

"Nilitaka kunogesha tu, shangazi. Nilipiga chuku kidogo."

"Chuku ni kukikuza kitu kilichopo. Huyo mzee hayupo. Watu wanatuletea vitu vyao kwa sababu wanatuamini. Wakiacha kutuamini, wale wa mtaa wa pili watalalia nini?"

Alimwambia Kwanini kwamba ni lazima amkabili daktari yeye mwenyewe. Hata hivyo, walikuwa na wiki nzima, na maswali yake yalikuwa bado hayajajibiwa. Wakaigeuza picha. Nyuma ya fremu palikuwa na mhuri uliofifia, wenye jina la mtaa na picha ya nyundo.

Jumatatu baada ya masomo walikwenda na picha kwenye mtaa huo, wakaulizia mpaka wakampata fundi wa fremu. Fundi aliipapasa mbao kama mtu anayemsalimu rafiki. Alisema aliitengeneza fremu hiyo miaka mingi iliyopita, akawaelekeza kwa mwenye picha, mama mmoja aliyekuwa dobi wa hospitali.

Walimkuta akifungasha mizigo, kwani alikuwa anahamia kwa mwanawe. Alishangaa kusikia kuna mtu anayeulizia picha yake. Kwanini alimmiminia maswali yote, na dobi akayajibu huku akikunja nguo. Alifua mashuka ya hospitali kwa miaka thelathini, na jioni alijifundisha kuchora. Kile kiraka alikishona mwenyewe, kwa kitambaa cha aproni yake, shuka lilipochanika siku ambayo mengine yote yalikuwa yameloa.

"Na kwa nini uliitoa?"

"Nilisikia duka lenu linanunua matandiko," dobi alijibu. "Nikaona inafaa. Mashuka yazae mashuka."

Jumamosi daktari alirudi. Kwanini alimwamkia, kisha akamwambia ukweli bila kujitetea: kwamba mzee hakuwapo, kwamba aliitunga hadithi ile, na kwamba mchoraji ni dobi. Uso wa daktari ulibadilika. Alisema alikwisha kuwasimulia wagonjwa wake habari za mzee huyo.

"Na hii ya leo nitaijuaje kama ni kweli?" aliuliza.

Swali lilimchoma. "Usiniamini mimi, baba," Kwanini alisema, akimwandikia anwani kwenye kadi. "Dobi bado yupo kwake mpaka kesho. Ukienda, atakueleza mwenyewe."

Daktari alitoka bila kuaga. Kwanini alijua picha imekosa mnunuzi, na kwamba kosa ni lake. Lakini kabla duka halijafungwa, mlango ukafunguliwa. Daktari alikuwa ameongozana na dobi, wote wawili wakicheka. Alilipa, akaikumbatia picha kwa mikono miwili.

Walipoondoka, shangazi alimshika Kwanini bega.

"Nia yako ya kusaidia ilikuwa njema, lakini uliijenga juu ya uongo," alisema. "Ungeweza kumwambia daktari kwamba hujui. Kutojua si aibu, mwanangu. Ndipo kuuliza kunapoanzia. Usijibu kwa niaba ya mtu ambaye hujamsikiliza."

Kwanini alifikiri kidogo, akauliza, "Shangazi, tunaweza kwenda makaoni kuona mashuka yanayonunuliwa?"

"Tunaweza. Chukua sweta lako."