Tembe ya Kona ya Kulia

Mkoa wa Manyara ulipokuwa mpya, mihuri ilifika kabla ya viti. Nilikuwa karani wa masjala katika ofisi moja hapa Babati ambayo sitaitaja, naandika barua nikiwa nimekalia boksi la karatasi. Moja ya barua hizo ilimpa jirani yangu wa Maisaka, Sosthenes, mchoraji wa mabango, kazi ya kuchora mandhari kwa ajili ya ukumbi wetu: ziwa mbele, mlima Kwaraa nyuma.

Kona ya kulia aliweka tembe ya mama yake, nyumba ya udongo ya Mama Xaveria, aliyeishi peke yake kijijini Bonga. Rangi ya kahawia ilikuwa imeadimika madukani, kwa hiyo alibandua udongo kwenye ukuta wa tembe yenyewe, akausaga, akauchanganya na mafuta.

Mama yake alimkuta akibandua.

"Umeiaga nyumba?"

"Mama, udongo tu huu."

"Haya. Ila huko unakoupeleka, usije ukaufunika."

Kamati ya Mapambo, watu saba ambao hakuna aliyewahi kushika brashi, ikakaa. Viboko waondolewe ziwani, wanaonekana wavivu. Sosthenes akawaondoa. Kikao cha pili, mlima uongezwe urefu.

"Kwa kibali cha nani?" aliniuliza. Akauongeza.

Kikao cha tatu, tembe iondolewe, inaonyesha umaskini. Pawekwe maji.

Alianza kwa kufunika mlango. Jumapili, baada ya misa, mama yake alimwambia, "Mlango wangu umekuwa mgumu. Leo nimetoka kwa kusukuma na bega."

"Mvua hiyo, Mama. Mbao zimevimba."

Ilikuwa Agosti. Mvua tuliiona mara ya mwisho Mei.

Aliporudi kwenye picha, mlango ulikuwa umejitokeza tena, kahawia juu ya bluu. Akafunika. Ukarudi. Mara nne.

"Udongo huu mbishi kuliko kamati," alisema, akatupa brashi ukutani.

Nami nikampelekea barua: picha isipokamilika Ijumaa, kazi itapewa mchoraji wa Arusha. Niliiandika mimi, nakala jaladani.

Ijumaa alfajiri alifunika tembe nzima. Alipaka nyeupe mara tatu, kisha bluu. Safari hii ilishika. Saa nne tuliitundika, ikawekwa kioo, ikabandikwa namba ya mali ya ofisi. Watu wakapiga makofi.

Katikati ya hotuba, Redempta, jirani wa Mama Xaveria, aliingia, viatu mkononi. Akainama sikioni kwa Sosthenes.

"Mama yako anagonga. Tunamsikia."

"Si mumfungulie?"

"Mlango hatuuoni. Ukuta tu. Pande zote."

Sosthenes aliruka, akang'oa kioo, akaanza kukwangua kwa kisu. Bluu. Nyeupe. Kahawia.

"Mchoraji!" Mwenyekiti alisimama. "Hiyo sasa ni mali ya ofisi. Mabadiliko yanahitaji kikao!"

"Mama anakosa hewa!"

Walinzi wakamshika. Alikuwa amefungua ufa wa mlango, upana wa kidole.

Walipomwachia, yeye, Redempta na mimi tulikimbilia Bonga, tukafika saa sita mchana. Mlango ulikuwepo, wazi kwa upana wa kidole. Tukausukuma. Moto jikoni ulikuwa unawaka, uji unachemka. Mama Xaveria hakuwemo.

Upande wa ndani wa mlango kulikuwa na mikwaruzo ya kucha. Ndani ya mikwaruzo, rangi ya bluu. Mbichi.

Mpaka leo Sosthenes anaomba kibali cha kukwangua sehemu iliyobaki. Barua zake kumi na moja ninazo. Zote zimejibiwa: suala lako linashughulikiwa.

Picha imerudishiwa kioo, safari hii kwa skrubu. Hakuna anayeigusa. Lakini ndani ya kioo, chini ya kona ya kulia, kuna unga wa rangi ya bluu, na kila nikipita umeongezeka.

Leo nimeupima ule ufa wa pichani, juu ya kioo, kwa rula ya ofisi.

Vidole viwili.