Mlango wa Chumba cha Baridi

Jua lilikuwa linachoma. Watu walibanana kwenye foleni ya geti la kiwanda cha maziwa, kila mmoja akijifuta jasho, na katikati yao kasimama kijana aliyevaa koti zito la manyoya. Dada aliyekuwa nyuma yake, gauni la njano limemkaa vizuri, alishindwa kujizuia.

"Kaka, huko utokako kuna theluji?"

"Ninakokwenda," kijana alijibu, akageuka. "Nachunga chumba cha baridi. Na wewe ndiye Ratiba, unayetupangia magari yakachelewa."

Dada alicheka mpaka mlinzi akamtazama. Tangu siku hiyo akamwita Barafu, na haikuchukua muda akamwita mpenzi.

Ndani ya chumba cha baridi simu hazishiki mtandao. Kwa hiyo kila ilipofika saa ya Ratiba kupiga, Barafu alitoka nje, akauzuia mlango kwa kreti usijifunge, wakaongea. Mchana mmoja walibishana nani alimpenda mwenzake kwanza. Utamu ukakolea mpaka saa ya kutoka, Barafu akaenda zake nyumbani na mlango uko wazi. Asubuhi maziwa yote yalikuwa yameharibika.

Ikaitishwa kikao. Ofisi ile watu walijua kurushiana mpira. Mauzo walisema ni umeme, fundi wa umeme akasema ni mashine, wa mashine akasema alikuwa likizo. Ratiba alimwona Barafu pembeni, midomo imemkauka. Huku akijua fika ilivyokuwa, akasema dereva wa lori kubwa ndiye aliyepakia mwisho, akauacha mlango wazi. Dereva alikuwa mtu mzima mwenye watoto wanaosoma. Meneja akamwambia akabidhi funguo.

"Mwachie funguo zake," Barafu alisema, akasimama. "Mlango niliuacha wazi mimi. Nilikuwa naongea na simu."

Walimtazama kama mtu aliyenyanyua lori kwa mkono mmoja. Katika kikao kile hakuna aliyewahi kusikia mtu akisema "ni mimi", labda jina lake liitwe kwenye orodha ya posho. Meneja akamrudishia dereva funguo. Kisha akamshusha Barafu kuwa mpakiaji wa kreti.

Jioni Ratiba alimpigia.

"Umeniacha uchi mbele za watu."

"Sikukutaja, roho yangu."

"Mimi nilimtaja mtu kwa ajili yako."

"Na angefukuzwa kwa ajili yangu. Ningekula chakula gani kikashuka?"

Ratiba akamkatia simu. Wiki nzima alinuna. Lakini kila alipokumbuka mtu yule alivyosimama, hasira ilimwisha, akabaki ameduwaa. Mtu anawezaje kusimama hivyo na magoti yasimtetemeke? Akaona hawezi kuendelea kumpenda huku yeye mwenyewe amejificha.

Ijumaa alipita kwa meneja, akasema lake, akatoka na barua ya onyo. Kisha akashuka mpaka kwenye uwanja wa kupakilia, wapakiaji wote wakiwepo.

"Baba," alimwambia dereva, "siku ile nilikusingizia. Nilijua si wewe, maana simu ile niliipiga mimi. Nisamehe."

Wapakiaji wakatua kreti zao. Dereva alimkazia macho.

"Ulininyima usingizi, mwanangu. Sijamaliza kukukasirikia. Lakini nimekusikia."

Barafu alikuwa na kreti kifuani, bila koti, shati limelowa jasho, anamtazama Ratiba kama ndiyo kwanza anamwona.

"Magoti yanakutetemeka," alisema taratibu.

"Ya kwako hayakutetemeka?"

"Nilishika meza."

Ratiba akacheka, machozi yakamtoka humo humo. Barafu akatua kreti, akafuta mikono kwenye suruali.

"Nikija kwenu kukuposa, wazazi wako watamkubali mpakiaji?"

"Watakuuliza kwa nini ulishushwa cheo."

"Nitawaambia."

"Na mimi nitawaambia sehemu yangu."

Dereva alipanda kwenye lori lake, akachungulia dirishani.

"Jumamosi sina safari," akasema. "Nitampeleka huyu mwenyewe. Nataka nikae sebuleni kwenu, nisikie mnavyosema."