Upanga wa Mninga

Mimi kazi yangu ni kuchekesha. Tumbo ninalo, sauti ninayo, na nikipita sokoni Nyakato wauza dagaa huanza kutabasamu kabla sijafungua mdomo. Kwa hiyo nikikwambia hapa hakuna mzaha, elewa kwamba nimeutafuta nikaukosa.

Shemeji yangu Luhaga ni seremala. Makabati, vitanda, majeneza. Asubuhi moja, jua zuri, redio inaimba, Ngosha akaingia karakanani kwake na kutukuta tunakunywa chai. Ngosha ndiye alikuwa bosi wa kundi letu la maigizo, na siku hizo alikuwa amejipa nafasi ya mfalme.

"Fundi, nichongee upanga. Nataka watu wakiuona wanyanyuke kwenye viti."

"Wakinyanyuka wataenda kwao, bosi," nikasema.

Hakucheka.

Nafasi ile ilikuwa ya Alexander, mchekeshaji mwenzangu kundini. Kijana alizama ziwani, tukitoka kwenye onyesho kisiwani, mtumbwini wakiwa wawili tu, yeye na Ngosha. Ngosha alisema kateleza. Lakini Luhaga ndiye aliyeipima maiti kwa ajili ya jeneza, na aliiona mikono. Vidole vyote vimepondwa, kama vya mtu aliyeng'ang'ania ukingo wa mtumbwi huku mwingine akivigonga kwa kasia. Ngosha alisema ni mawe. Shahidi hakuwapo.

Yanayofuata Luhaga alinisimulia baadaye, mlango ukiwa umefungwa.

Ana desturi aliyoachiwa na fundi aliyemfundisha: vipande vinavyobaki kwenye mbao za jeneza, pamoja na maranda yake, hutiwa mfukoni vikazikwa na mwenye jeneza. Havichongwi hata kigoda. Siku ya kumzika Alexander, ule mfuko ulifika makaburini ukiwa mwepesi. Kipande kirefu cha mbao ya mninga hakikuwamo.

Siku Ngosha alipouagiza upanga, alasiri yake Mama Paskazia, mama wa Alexander, akaja nacho. Kakiviringisha kwenye kanga kama mtoto.

"Nasikia Ngosha anataka upanga."

"Mama, hicho ni cha Alexander."

"Ndiyo maana nimekileta. Chonga, baba."

Luhaga akavikumbuka vile vidole. Akachukua randa.

Alichonga bapa, akanyoosha ncha, akapiga msasa mpaka mbao ikawa laini kama shavu. Akapaka rangi ya fedha. Bapa likakauka. Mpini ukabaki umelowa. Akaufuta. Ukalowa. Akauanika juani kutwa nzima. Ukalowa. Akaunusa.

Ziwa.

Akauzungushia kitambaa chekundu, akamkabidhi Ngosha.

Onyesho lilikuwa Jumamosi mchana, Ilemela, ukumbi umejaa. Mimi nilicheza mlinzi wa mfalme. Mama Paskazia alikaa mstari wa mbele, na nguo zake za msiba. Ngosha akauinua upanga juu, watu wakashangilia.

Ko.

"Kidole," akaninong'oneza. "Kimevunjika."

Nikadhani kasahau maneno yake. Nikawageukia watu. "Mfalme anasema mkono umechoka kwa kugonga mihuri." Ukumbi ukaangua kicheko.

Ko.

"Niondolee. Nakuomba, kaka, niondolee."

Nikavuta. Wakacheka zaidi. Akapeleka mkono wa pili ajinasue, nao ukanasa. Kitambaa kilikuwa kinachuruzika maji. Nikaupapasa mpini nitafute pa kushika, na chini ya kile kitambaa kitu kilikuwa kimeikamata mikono ya Ngosha.

Kilikuwa cha baridi. Kilikuwa na vidole.

Ko. Ko. Ko.

Ngosha akapiga magoti, akamtazama Mama Paskazia. "Alikuwa ameushika mtumbwi, mama. Nikamgonga. Nisamehe."

Mama hakuinuka. "Mwambie yeye."

Ngosha akafungua mdomo amwambie. Yakatoka maji. Mengi. Na magugu ya ziwani. Watu wakapiga makofi, wakidhani ni ufundi wetu. Nilipomwinamia nikapiga kelele, ndipo wakaanza kunyamaza, mmoja mmoja.

Daktari alisema amekufa maji. Jukwaani, juu ya mbao kavu.

Upanga aliufukia Mama Paskazia mwenyewe, kwenye kaburi la mwanawe.

Ila kuna mtu alirekodi onyesho lile, akanitumia kwenye simu. Pale wote wanaponyamaza, kinabaki kicheko kimoja. Mchekeshaji hawezi kukosea kicheko cha mwenzake. Ni cha Alexander. Mara ya kwanza kilikuwa kifupi, kama mtu aliyekohoa. Kila nikiifungua video, kimerefuka. Jumapili iliyopita video ilikwisha, kioo kikawa cheusi, kicheko kikaendelea.

Mama Paskazia alikuwa amekaa nami, katoka misani.

"Mama," nikamnong'oneza, "niifute?"

Akaichukua simu kwa mikono miwili, akailaza shavuni.

"Mwache amalize."