Mkwe Aliyetazama Ndala

Koti la daktari yule lilipigwa pasi hata inzi akitua anateleza. Asubuhi moja, kwenye ukumbi wa wagonjwa uliofurika watu, lilinaswa na kitasa cha mlango likachanika kwapani, chwaa! Fundi cherehani, binti wa gauni la kijani ambaye sindano haitoki kwenye ukosi wake, alikuwa amemsindikiza jirani. Akaangua kicheko.

"Simama wima nikushone, daktari. Ukitikisika nakuchoma."

"Choma tu. Kila siku nachoma watu, leo zamu yangu."

Penzi likaanzia hapo, na wala hatukatai, sura daktari alikuwa nayo. Macho tu ndiyo yalikuwa na kasoro: yaliona viatu vya mtu kabla ya mtu.

Fundi akamwonyesha mama yake picha kwenye simu. "Mkwe wako huyo." Mama akajifunika uso kwa haya, kana kwamba picha nayo ingemtazama.

Jioni moja simu ikalia.

"Malkia wangu!"

"Sema, koti bovu."

"Leo nimepata kioja! Bibi mmoja wa kule bondeni, ndala mguu huu nyekundu, mguu huu buluu. Namwuliza anaumwa wapi, anatazama ukuta. Namwambia apande kitandani nimpime, anakumbatia nguo zake. Eti, 'Hakuna daktari wa kike, baba?' Nikamwambia hapa si harusini, huchagui wa kucheza naye. Watu wa bondeni nawajua, wanafuata vidonge vya bure. Nimempa viwili vya maumivu, kaenda zake."

Akacheka peke yake. Fundi alikuwa anatazama mlangoni kwake, kwenye ndala mbili, nyekundu na buluu. Nyuma ya pazia mama yake alikuwa amejikunja, jasho likimtiririka.

"Mama! Kwa nini hukumwambia?"

"Nimwambie nini, mwanangu? Nimvulie mkwe nguo? Bora kaburi."

Ilikuwa ngiri, tena imebana kwenye kinena. Aliyempasua hospitalini usiku ule ule ni daktari wa kike, ambaye chumba chake kinapakana na cha yule mtanashati. Kumwita kulihitaji kugonga ukuta tu. Mama angecheleweshwa kidogo tu, hadithi hii ingekuwa ya matanga.

Mama alipopata nafuu, bwana mkubwa akaingia wodini na pete, koti jeupe pe, magoti chini.

"Nisamehe, mpenzi. Sikujua kuwa ni mama yako! Ningejua, ningemhudumia kama malkia."

"Na kama asingekuwa mama yangu?"

Daktari akatazama viatu vya fundi.

"Rangi za ndala unazikumbuka zote mbili," fundi akasema. "Alikuwa anaumwa upande gani?"

Daktari akainuka, akapangusa vumbi magotini.

"Basi nguo na viatu niachie mimi fundi. Wewe ulipewa mtu, ukamrudisha."

Mama akavuta shuka hadi kidevuni, akanong'ona, "Mwanangu, mwombe mkwe atoke kidogo. Nataka kugeuka."

"Huyu si mkwe tena, mama. Lakini kutoka, atatoka."

Akatoka, shingo juu, pete mfukoni. Mlangoni kitasa kikamdaka kwapa lile lile, chwaa!

Kidole cha fundi kikapanda kwenye ukosi, kikaigusa sindano, kikaiacha palepale. Akamshika mama yake mabega, akamgeuza polepole.